Skwota: Neno moja, maana zinazopingana

NENO skwota halikosekani katika habari za mizozo ya ardhi kutoka Nakuru, Njoro, Molo na Naivasha. Asili yake ni neno la Kiingereza "squatter", lililotokana na kitendo cha kuchuchumaa. Msomaji wa leo akilisikia, humfikiria mtu aliyejenga kibanda katika ardhi isiyo yake. Karani wa serikali ya kikoloni aliyeliandika miaka mia moja iliyopita alikusudia mtu wa namna nyingine kabisa.

Nchini Marekani, mwishoni mwa karne ya 18, neno hili lilimhusu mtu aliyekalia ardhi bila hati. Australia lilianza kama dharau, lakini katika karne ya 19 likawa jina la matajiri wenye makundi makubwa ya kondoo, waliojitwalia malisho ya serikali. Huko, kuitwa skwota kukawa heshima! Afrika Kusini nayo ililitumia kwa Mwafrika aliyeishi katika shamba la Mzungu, na maana hii ndiyo iliyoota mizizi Kenya.

Walowezi wa Bonde la Ufa walipewa ardhi kubwa ila hawakuwa na watu wa kuilima. Familia nyingi, hasa za Wakikuyu kutoka mkoa wa kati, pamoja na Wakalenjin, zikahamia mashambani humo. Baadhi walikuwa ahoi kwao, yaani watu waliolima ardhi ya ukoo mwingine kwa ruhusa bila kuimiliki. Mapatano yalikuwa kwamba skwota amfanyie mlowezi kazi, naye aruhusiwe kulima kipande chake na kulisha mifugo yake. Sheria ya mwaka 1918 iliweka siku 180 za kazi kwa mwaka. Huyu basi hakuwa mvamizi. Alikaa kwa mkataba uliotambuliwa na serikali.

Lakini je, alikuwa mpangaji au mtumishi? Swali hilo lilifika Mahakama Kuu, ambayo mwaka 1923 iliamua kuwa ni mpangaji. Walowezi hawakuridhika, kwani mpangaji ana haki ambazo kibarua hana. Sheria ya 1925 ikatangua maana hiyo na kumfanya skwota kuwa mfanyakazi tu, asiye na haki yoyote ya upangaji.

Mambo yaliendelea kuwa magumu. Katika miaka ya 1920 mifugo ya maskwota iliondolewa mashambani kwa nguvu, nao wakaliita tukio hilo kifagio. Sheria ya 1937, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1940, iliwapa walowezi uwezo wa kupunguza mifugo na mashamba ya maskwota, na siku za kazi zikaweza kufikia 240 au hata 270. Baadhi ya waliofukuzwa walipelekwa Olenguruone, ambako walishikilia kwamba ardhi waliyopewa ilikuwa yao kwa haki. Serikali ilikataa, nao kufikia 1950 walikuwa wamekwisha kutimuliwa. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota, anaihusisha dhiki hii na chimbuko la Mau Mau.

Baada ya uhuru mwaka 1963 mkataba ulitoweka, jina likabaki. Mwaka 1965 serikali iliteua kamishna maalumu wa kushughulikia maskwota, ambao wakati huo walikuwa watu wasio na ardhi wala ajira. Sera ya Kitaifa ya Ardhi ya 2009 inamweleza skwota kuwa mtu anayekalia ardhi ya mwingine bila idhini yake. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya 2012 inawataja maskwota miongoni mwa wanaostahili kugawiwa ardhi katika mipango ya makazi.

Waliofurushwa katika ghasia za 2007 na 2008 hawaingii katika fasili hiyo. Ni wakimbizi wa ndani, na wengi wao walikuwa na hati za mashamba waliyoyakimbia.

Kwa hiyo mjukuu anayekuta jina la babu yake katika daftari la shamba la mwaka 1930, likifuatwa na neno skwota, hasomi shtaka la uvamizi. Anasoma kwamba mzee huyo alikuwapo kwa idhini ya mwenye shamba, na kwamba aliilipia nafasi hiyo kwa siku zake za kazi.