Nani Atakuzibia Pancha? Historia Fupi ya Tairi la Baiskeli

Watu wa baiskeli wana swali moja lisiloisha. Uchukue tairi la mbio, jembamba na jepesi, au uchukue la kudumu, zito, lenye ngozi nene? Ukimuuliza fundi wa mtaani atakujibu kwa swali lingine: unaenda wapi, na ukipata pancha huko nani atakuzibia? Watu huona kama anakwepa. Lakini ukisoma historia ya tairi kutoka mwanzo, utakuta fundi amefupisha miaka zaidi ya mia moja na thelathini kwa sentensi moja.

Tuanze Belfast. Mwaka wa 1887 kulikuwa na daktari wa mifugo pale, Mskoti, jina lake John Boyd Dunlop. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, na kama baiskeli zote za wakati huo, ilikuwa na matairi ya mpira mgumu. Tairi la aina hiyo halijui pancha. Unaweza kulipitisha juu ya misumari siku nzima. Shida yake ni kwamba linakuvunja mgongo, na barabara za Belfast zilikuwa za mawe.

Dunlop alichukua karatasi ya mpira akatengeneza tyubu, akaifunika kwa kitambaa, akaipigilia kwenye gurudumu la mbao na kuijaza hewa kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha akafanya jaribio ambalo hata mtoto angelielewa. Alibingirisha gurudumu la kawaida uani, likaishiwa nguvu kabla ya kufika mwisho. Akabingirisha lile la hewa kwa nguvu ileile. Lilivuka uwanja wote likagonga lango. Alikuwa akitafuta starehe ya mtoto, akapata na kasi.

Hakuwa wa kwanza. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata hataza ya tairi la hewa mwaka wa 1845, akalijaribu kwenye magari ya farasi. Lilifanya kazi, lakini lilikuwa ghali na hakuna aliyelihitaji. Baiskeli ya kisasa haikuwepo bado. Hataza ya Dunlop ya 1888 ilikuja kubatilishwa baadaye kwa sababu ya Thomson, lakini kufikia hapo jina la Dunlop lilikuwa limeshaenea. Wazo ni lilelile, tofauti ni kwamba mmoja alikuja wakati watu wana haraka.

Mei 1889, mwendeshaji wa Belfast aitwaye Willie Hume aliingia kwenye mashindano akiwa na matairi ya Dunlop. Watu walimcheka. Yalikuwa manene, yamevimba kama soseji. Halafu akawashinda. Miongoni mwa walioshindwa walikuwa watoto wa mfanyabiashara mmoja, Harvey du Cros, na mzee huyo hakukaa akilalamika. Alienda akaanzisha kampuni ya kutengeneza matairi hayo. Ndani ya miaka michache, mtu aliyekuja mashindanoni na mpira mgumu alikuwa amekuja kupiga picha tu.

Basi hapo ndipo deni lilipoanza. Tairi gumu lilikuwa la pole lakini halikufi njiani. Tairi la hewa lilikuwa la mbio, lakini msumari mmoja, kipande kimoja cha chupa, na umekwisha. Tena matairi ya kwanza yaligandishwa kwenye rimu kwa gundi. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1889 mtu mmoja alifika kiwandani kwa ndugu Michelin, mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa, na tairi lililotoboka. Kulibandua na kuliziba kulichukua saa tatu, kisha gundi ikaachwa ikauke usiku kucha. Asubuhi Édouard Michelin aliipanda baiskeli hiyo kuijaribu, na baada ya mita mia kadhaa ikapata pancha tena.

Mtu mwingine angesema tairi la hewa ni ujinga. Édouard alisema tairi ni zuri, kinachotakiwa ni kulitoa na kulirudisha haraka. Mwaka wa 1891 yeye na nduguye André walikuwa na tairi linalotoka kwenye rimu bila gundi. Mwaka huohuo gazeti la Le Petit Journal liliandaa mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, takriban kilomita 1,200. Charles Terront aliyaendesha kwa Michelin. Mpinzani wake mkubwa, Jiel-Laval, alikuwa na Dunlop. Terront alipata pancha, akaziziba, akaendelea, akashinda kwa saa 71 na ushei. Mwaka uliofuata, Michelin wakaandaa mashindano yao wenyewe, na husemwa kuwa walimwaga misumari barabarani makusudi ili kila mtu aone jinsi tairi lao linavyozibika upesi.

Ukitazama vizuri, Michelin hawakutengeneza tairi lisilotoboka. Walipunguza bei ya kutoboka. Kasi ikawa inafaa kwa sababu ukarabati ulikuwa wa dakika.

Kwa nini basi usitengeneze tairi moja lenye yote mawili? Hapa sayansi ni rahisi. Tairi linapobingirika, sehemu inayogusa barabara hubonyea, kisha hurudi hali yake. Mpira haurudishi nguvu yote uliyoipa. Nyingine hupotea kama joto. Ngozi ikiwa nene, au ukiongeza utepe mgumu ndani wa kuzuia miiba, kuna kitu kingi zaidi cha kubonyeza kila mzunguko, na miguu yako ndiyo inalipa. Ngozi ikiwa nyembamba, ya nyuzi laini kama pamba au hariri, tairi hubonyea kama mkate na kurudi bila kukuomba kitu. Lakini pia mwiba unaingia kama kwenye mkate.

Malipo yenyewe hayakuwa ya miguu peke yake. Tairi la hewa lilifanya dunia itake mpira ghafla, na katika miaka ya 1890 mpira mwingi ulitoka porini. Kongo ilikuwa na mpira huo, ndani ya mitambaa inayopanda miti ya msituni. Na Kongo, tangu 1885, ilikuwa shamba la mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wanakijiji walipewa kiwango cha kuleta. Wanaume waliingia msituni kugema, wengine wakijipaka utomvu mwilini ugande, kisha kuubandua pamoja na nywele. Wake zao walishikwa mateka mpaka kiwango kitimie. Kisipotimia, askari wa Force Publique walikuja, na mikono iliyokatwa ikawa ushahidi kwamba risasi hazikupotezwa. Mwaka wa 1904 mmishonari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Hicho tu ndicho alichobakishiwa. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, ilitoka mwaka huohuo, na mwaka wa 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Waliokufa walihesabiwa kwa mamilioni.

Nasema haya kwa sababu historia za baiskeli hupenda kuruka kutoka Dunlop hadi Tour de France kana kwamba katikati hakuna kitu. Kijana wa Paris aliyenunua tairi jepesi, akalimaliza kwa msimu mmoja, akanunua lingine, hakujua jina la Nsala. Lakini tairi lisilodumu lilimaanisha mpira zaidi, na mpira zaidi ulimaanisha safari nyingine msituni kwa mtu wa Équateur au Kasai. Kilichobadilisha soko ni mashamba ya Asia, yaliyotokana na mbegu ambazo Mwingereza Henry Wickham alizitoa Brazil mwaka wa 1876. Kufikia miaka ya 1910 mpira wa mashamba ulikuwa umeupita ule wa porini.

Miaka hiyohiyo ya 1910 ndipo tairi lilipobadilika rangi. Mpira wa asili si mweusi. Utomvu wake ni mweupe kama maziwa. Watengenezaji waligundua kwamba ukiuchanganya na masizi laini sana, unakuwa mgumu kulika. Weusi wa tairi, ambao sisi tunauona kama rangi yake ya kuzaliwa, ni dawa ya kudumu.

Wakati huo wanambio walikuwa na ujanja wao. Tour de France ilianza 1903, na chini ya Henri Desgrange mwendeshaji alitakiwa kujitengenezea mwenyewe. Picha za zamani zinawaonyesha wamejivika matairi ya akiba mabegani, yamepishana kifuani kama mikanda ya risasi. Yalikuwa matairi ya kushonwa, tyubu ikiwa ndani, yakagandishwa kwenye rimu. Ukipata pancha unalichana hilo, unabandika lingine, unaenda. Kuzibwa ni baadaye, kwa sindano na uzi. Timu zilipopata magari, mzigo ulihama kutoka bega la mwendeshaji hadi kwa makanika aliyeketi nyuma na gurudumu zima mkononi. Ndiyo maana mwanambio wa Ulaya anaweza kuvaa tairi la gramu 250 asiwe na wasiwasi. Siyo ati tairi lake halitoboki. Ana gari.

Huku kwetu historia ilienda upande mwingine. Baiskeli iliyojenga magharibi mwa Kenya ni Black Mamba, chuma kitupu, kilo 20 hivi kabla hujapakia kitu. Mpakani Busia, kuanzia miaka ya 1960, vijana walibeba abiria kati ya Kenya na Uganda kwenye kiti cha nyuma, na neno boda boda likazaliwa. Baiskeli hizo zimebeba maziwa, makaa, magunia ya mahindi, mama mja mzito. Hakuna aliyeuliza kuhusu gramu. Tairi liliulizwa jambo moja: litanifikisha? Likiisha kabisa lilishonewa kipande cha tairi lingine ndani, na likishindwa hata hapo, mafundi walilikata kamba za kufungia mizigo. Tairi la gari nalo likawa akala. Huku kudumu hakuishii siku tairi linapotoka barabarani.

Mimi nilinunua baiskeli ya mbio ya mitumba baada ya kuacha chuo, kwa sababu nauli ilikuwa inanila. Ilikuja na matairi ya milimita 23, magumu kama fimbo, na muuzaji akaniambia nipige pampu mpaka yagome. Hiyo ilikuwa imani ya dunia nzima kwa miongo mingi: jembamba zaidi, hewa zaidi, kasi zaidi. Vipimo vya maabara viliunga mkono, kwani vilifanywa kwa kubingirisha tairi juu ya pipa la chuma laini. Lakini hakuna anayeishi juu ya pipa la chuma. Barabarani, tairi lenye hewa ya kupita kiasi hurukaruka, na mtikisiko ule unaousikia mikononi na kiunoni ni nguvu yako inapotea. Watu walipoanza kupima kwenye lami ya kweli, tairi pana lenye hewa ya wastani halikuwa la pole. Mara nyingi lilikuwa na kasi zaidi. Waendeshaji wa Paris–Roubaix, mashindano ya mawe yaliyoanza 1896, walikuwa wakivaa matairi mapana kwa siku hiyo tangu zamani. Timu kubwa zilihama polepole kutoka milimita 23 hadi 25, kisha 28 na zaidi. Soseji za Willie Hume zimerudi, na safari hii hakuna anayecheka.

Kwetu hiyo ni habari njema kuliko ilivyo kwa Wazungu. Pita Limuru au Kikuyu asubuhi watu wamekata ua wa michongoma. Miiba imelala kwenye lami inakungoja. Nenda Kajiado, migunga imemaliza kazi. Tairi la milimita 28 au 32 la ngozi ya wastani linakupa karibu kasi yote ya jembamba, halipigi rimu kwenye shimo, na linavumilia. Wanaokimbia kwenye changarawe, kama wale wa Migration Gravel Race iliyoanzishwa Mara mwaka wa 2021, wameondoa tyubu kabisa na kuweka maji mazito ndani ya tairi yanayoziba tundu lenyewe gurudumu likizunguka. Ni wazo la Michelin tena: huzuii pancha, unaifanya isikugharimu.

Ukibanwa na pesa, kumbuka pia kwamba matairi mawili hayafanyi kazi moja. La nyuma linabeba uzito mwingi na ndilo linalosukuma, kwa hivyo huisha kwanza na hutoboka zaidi. Hapo weka gumu. La mbele ndilo linaloshika kona, na likipasuka ghafla unaenda chini. Usiliachie lile kuukuu.

Zaidi ya hapo, hesabu ni ya fundi. Kijana anayepeleka chakula Kilimani akipata pancha saa mbili usiku, hana gari nyuma. Oda inapoa, nyota kwenye programu zinashuka, na dakika 20 za kuziba zimekula faida ya safari tatu. Kwake tairi lenye kasi ni lile linalofika. Mwenye mbio za Jumapili, na rafiki yake yuko nyuma na probox yenye magurudumu ya akiba, anunue hariri akitaka. Wote wawili wanalipa. Mmoja analipa kwa miguu, mwingine kwa mfuko, na kwa muda mrefu sana kuna mwingine alilipa kwa mikono yake na hakuwahi kupanda baiskeli.