Tarehe ya Singapore: Bendera Iliyotangulia Jamhuri

Wamalay huiita elimu ya mambo yaliyopita *sejarah*, na asili ya neno hilo ni *shajara* ya Kiarabu, yaani mti, kwa kuwa habari za wafalme wao ziliandikwa kama mti wa nasaba, shina likizaa matawi na matawi yakizaa vitagaa. Sisi wa pwani tulichukua kwa Waarabu hao hao neno tarehe, lenye kuhesabu siku na miaka. Nimependa kuanza na maneno hayo mawili kwa sababu dola ninayokusudia kuieleza, nayo ni Jamhuri ya Singapore, kisiwa kilicho kwenye ncha ya rasi ya Malaya, ni dola isiyo na shina la ufalme la kujivunia. Na mahali ambapo mataifa mengine huonyesha ukoo, yenyewe huonyesha kitambaa cha rangi mbili, ngao yenye wanyama wawili, na wimbo ulioandikwa kwa lugha ambayo si lugha ya mama kwa zaidi ya robo tatu ya waimbao.

Jina lake lilitangulia mambo yote hayo. Katika *Sejarah Melayu*, kitabu cha kale cha tarehe za Wamalay, imesimuliwa kwamba mwana wa mfalme wa Palembang, Sang Nila Utama, aliposhuka katika kisiwa kilichokuwa kikiitwa Temasek alimwona mnyama mwenye kwenda mbio, akauliza ni mnyama gani, akaambiwa ni simba. Basi akakiita kisiwa hicho Singapura, maana yake mji wa simba. Sikio la Mswahili hushtuka kidogo lisikiapo *singa*, ila neno lao limetoka katika Kisanskriti na letu ni la Kibantu, nako kufanana kwake ni kwa sauti tu. Wajuao habari za wanyama wanasema simba hakupata kuishi mwituni kisiwani humo, na kama mwana wa mfalme aliona kitu, huenda alimwona chui mwenye milia, huyo ambaye Wamalay humwita *harimau*. Msomaji na awakumbuke wanyama hao wawili, kwani watarudi.

Zama za Waingereza nitazipita kwa haraka. Tarehe 6 Februari 1819 Stamford Raffles alitia saini mkataba na Sultani Hussein na Temenggong, yaani mkuu wa Kimalay, Abdul Rahman. Mwaka 1826 kisiwa kikaunganishwa na Penang na Malacca. Mwaka 1867 kikawekwa moja kwa moja chini ya wizara ya makoloni mjini London. Tarehe 15 Februari 1942 kikaangukia mikononi mwa Wajapani, nao wakakishika mpaka mwaka 1945. Wachina walikuja kwa maelfu, Watamil wakaja, na katika mwaka ule ule wa mkataba wa Raffles alifika kutoka Palembang Sayyid Omar Aljunied, Mhadhrami, aliyejenga msikiti mwaka uliofuata. Ndugu wa Hadhramaut waliochukuliwa na pepo za kusi na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja ni wa asili moja na hao waliokwenda mashariki, na jina la Aljunied limebaki katika ramani ya Singapore hata leo. Tutalikuta tena mahali asipopatarajia msomaji.

Sasa tufike mwaka 1959, ambao kwangu ndio kiini cha tarehe hii. Mwezi wa Juni mwaka huo kisiwa kilipewa madaraka ya kujitawala katika mambo ya ndani, baada ya chama cha People's Action Party kushinda viti 43 kati ya 51, na Lee Kuan Yew akawa waziri mkuu. Serikali hiyo mpya iliona kwamba watu wa kabila mbalimbali, waliokuwa wakiimba wimbo wa Malkia wa Uingereza na kupeperusha kila mmoja bendera ya kwao, hawatakuwa umma mmoja pasipo alama za pamoja, na kazi hiyo ikakabidhiwa naibu wa waziri mkuu, Toh Chin Chye, na jopo lake. Ilikuwa kazi ya kupima kwa mizani ya dhahabu. Rangi nyekundu tupu ilipendwa na baadhi yao, lakini Toh aliogopa isije ikadhaniwa kuwa ni bendera ya Wakomunisti. Wachina walitaka nyota tano, kama za bendera ya China. Wamalay walitaka mwezi mwandamo. Hatima yake ikawa nyekundu juu na nyeupe chini, na katika nyekundu mwezi mchanga ukiwa na nyota tano ubavuni. Nyekundu ikafasiriwa kuwa ni udugu na usawa wa wanadamu, nyeupe kuwa ni usafi na wema, mwezi kuwa ni taifa changa lenye kupanda, na nyota kuwa ni demokrasia, amani, maendeleo, haki na usawa. Tafsiri hizo zilikuja kukifunika kitambaa kilichokwisha kukatwa kwa mapatano. Wala simaanishi kuwa ni uongo, kwani mapatano yenyewe ni jambo la heshima kuliko tafsiri nyingi.

Ama wimbo, ulikuwa umekwisha kuwapo. Mwaka 1958 baraza la mji lilimtaka Zubir Said atunge wimbo kwa ajili ya kufunguliwa upya ukumbi wa Victoria Theatre, nao ukapigwa kwa mara ya kwanza tarehe 6 Septemba mwaka huo. Zubir alizaliwa Bukittinggi, Sumatra, mwaka 1907, katika watu wa Minangkabau. Babaye aliuona muziki kuwa ni jambo lisiloafikiana na dini, na kijana akavuka bahari mwaka 1928 akaenda Singapore, akaingia katika kundi la *bangsawan*, michezo ya jukwaani yenye nyimbo na ngoma, kisha akawa mtunzi wa muziki wa filamu. Aliandika kwa Kimalay, lakini Kimalay chepesi ambacho Mchina wa sokoni na Mtamil wa bandarini wangeweza kukitamka bila taabu. Ndani yake limo neno *rakyat*, ambalo ni raia wetu huyu huyu, sote tukiwa tumelitoa katika kisima kimoja cha Kiarabu. Ulipoteuliwa kuwa wimbo wa dola mwaka 1959 ulifupishwa, ukabaki na jina lake, *Majulah Singapura*, yaani Songa Mbele Singapore, na maneno hayo mawili yakaandikwa pia kwenye utepe wa buluu chini ya ngao. Sheria ikakataza kuuimba kwa lugha nyingine yoyote. Fasiri rasmi za Kichina, Kitamil na Kiingereza zipo ili watu wajue maana yake, wala si ili uimbwe kwazo. Na katika yote yaliyofanywa na serikali hiyo, hili ndilo ninaloliheshimu kupita mengine, kwamba wengi walikubali kuimba kwa lugha ya wachache.

Tarehe 3 Desemba 1959, mbele ya ngazi za City Hall, alama hizo tatu zilidhihirishwa kwa umma katika siku ile ile aliyoapishwa Yusof Ishak kuwa Yang di-Pertuan Negara, yaani mkuu wa dola. Huyu Yusof, mzaliwa wa Perak, alikuwa mwanagazeti. Mwaka 1939 alikuwa miongoni mwa walioanzisha *Utusan Melayu*, gazeti lililopigwa chapa kwa herufi za Jawi, nazo ni herufi za Kiarabu zilizozoezwa kuandika Kimalay kama zilivyozoezwa kwetu kuandika Kiswahili. Ubavuni mwa ngao iliyofunuliwa siku hiyo walisimama wale wanyama wawili: simba upande mmoja, kwa ajili ya jina la kisiwa, na *harimau* upande wa pili, kwa ajili ya udugu na bara la Malaya.

Hapa ndipo penye uchungu wa tarehe hii. Alama zote hizo hazikushonwa kwa ajili ya jamhuri. Zilishonwa kwa ajili ya nchi iliyotaraji kuingia katika Malaya na kukaa humo. Na kweli, tarehe 16 Septemba 1963 iliingia katika shirikisho la Malaysia. Tarehe 21 Julai 1964, siku ya maandamano ya Maulidi, Wachina na Wamalay walipigana mitaani, wakafa watu 23. Na wakuu wa pande mbili wakazidi kutoaminiana, hata tarehe 9 Agosti 1965 bunge la Kuala Lumpur likapitisha kutengana kwa kura 126, asipingwe hata na mmoja. Siku hiyo Lee Kuan Yew alilia mbele ya kamera za televisheni, machozi yakimzuia kusema. Kanzu iliyoshonwa kwa ajili ya harusi ikavaliwa siku ya talaka. Hawakuibadili: mwezi ulibaki, nyota zikabaki, na *harimau* akaachwa amesimama ubavuni mwa ngao mpaka hivi leo.

Yusof Ishak akawa rais wa kwanza, na S. Rajaratnam, waziri wa mambo ya nje aliyezaliwa Jaffna, akaandika mwaka 1966 ahadi ambayo watoto wa shule huitamka wakiwa wameweka ngumi ya kulia juu ya moyo, ya kuwa umma mmoja bila kujali kabila, lugha wala dini. Katiba ikafuata njia ya Waingereza: bunge moja, waziri mkuu mwenye nguvu, rais wa taadhima. Mwaka 1991 ilibadilishwa ili rais achaguliwe na raia wenyewe na awe na neno katika matumizi ya akiba ya dola, ndipo Ong Teng Cheong akawa wa kwanza kuchaguliwa hivyo mwaka 1993. Mawaziri wakuu tangu mwaka 1959 wamekuwa wanne tu, Lee Kuan Yew, Goh Chok Tong, Lee Hsien Loong na Lawrence Wong, na wote ni wa chama kimoja. Sitaficha kwamba jambo hili hunitia mashaka. Tangu uchaguzi wa mwaka 1968 mpaka J. B. Jeyaretnam aliposhinda jimbo la Anson mwaka 1981, bungeni hapakuwa na mpinzani hata mmoja, na nchi iliyoweka demokrasia kuwa mojawapo ya nyota zake ingestahili sauti zaidi ya moja. Mwaka 1988 yakaanzishwa majimbo ya pamoja, ambamo wagombea husimama kwa kundi na mmoja wao sharti awe wa jamii ya wachache. Na mwaka 2011 jimbo la kwanza la namna hiyo kuchukuliwa na wapinzani lilikuwa Aljunied, lenye jina la yule Mhadhrami.

Baada ya Yusof kufariki mwaka 1970, Mmalay hakukalia tena kiti hicho hadi Halimah Yacob mwaka 2017, naye alipita bila kupingwa, kwa sheria mpya iliyouhifadhi uchaguzi huo kwa Wamalay. Wengi walinung'unika, pamoja na waliompenda, kwa kuwa walitaka kumpa kura zao.

Zubir Said alifariki tarehe 16 Novemba 1987. Mwaka 1999 zilitolewa noti mpya, zote zikiwa na sura ya Yusof Ishak, na ile ya dola 1,000, ambayo serikali iliacha kuitoa tangu mwanzo wa mwaka 2021, ilitengwa kwa habari za serikali. Ukiigeuza na kuisogeza karibu na jicho, chini ya kioo cha kukuzia, utaona mistari iliyodhaniwa kuwa ni nakshi ikifunguka kuwa herufi ndogo mno: ni maneno ya Zubir, kwa Kimalay, nyuma ya uso wa Yusof.