Ushindi bila Watupaji Mahiri: Hesabu ya Mpira wa Kikapu na Somo Lake kwa Pangi

Mkoani Maniema mpira wa miguu ndio unaotawala, na jina la AS Maniema Union ya Kindu linajulikana hata kwa wasiofuata michezo. Mpira wa kikapu haujapata nafasi kama hiyo. Mwalimu atakayeamua kuunda timu ya kikapu katika eneo la Pangi, iwe Kalima au Kampene, atakutana mapema na tatizo moja. Vijana wenye mbio, wenye kimo na wasiochoka atawapata. Watupaji mahiri hatawapata upesi, kwa sababu mkono wa kutupa hujengwa na miaka ya marudio: mpira mzuri, kikapu kisichoyumba, sakafu iliyo sawa na muda mrefu wa kurudia jambo lilelile. Je, timu ya namna hiyo inaweza kushinda?

Makala haya yanajibu kwamba inaweza, ila kwa masharti. Kila mtupo unaokosa ni deni, na timu hushinda pale inapolilipa kwa njia nyingine: kwa kupata mitupo mingi kuliko mpinzani, kwa kuishusha shabaha ya mpinzani, au kwa kwenda mara nyingi kwenye mstari wa mitupo huru. Historia ya wachezaji wa Kongo katika ligi ya NBA inatoa ushahidi mzuri wa jambo hili. Historia hiyohiyo inaonyesha pia mpaka ambao deni hilo halivuki kwa urahisi.

Maana ya utupaji duni

Kwa kawaida mtupaji huhukumiwa kwa asilimia ya mitupo inayoingia. Kipimo hiki hupotosha. Anayeingiza theluthi moja ya mitupo yake ya pointi tatu huleta pointi sawa na anayeingiza nusu ya mitupo yake ya pointi mbili: wote wawili hupata wastani wa pointi moja kwa jaribio. Anayechezewa faulo mara kwa mara naye hukusanya pointi ambazo asilimia ya kawaida haizioni kabisa. Kwa hiyo kipimo cha haki ni pointi zinazopatikana kwa kila jaribio, mitupo huru ikiwamo.

Allen Iverson wa Philadelphia ni mfano unaofaa. Katika msimu wa 2000-01 alifunga wastani wa pointi 31.1 kwa mechi na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi, ilhali aliingiza asilimia 42 tu ya mitupo yake, chini ya wastani wa ligi. Wengi walimwita mtupaji mbadhirifu. Lakini kwa kila mechi alipata mitupo huru kama kumi, akaingiza zaidi ya asilimia 80. Tukiijumuisha, mavuno yake yanafika takriban pointi 1.04 kwa kila jaribio, ambayo yanalingana na wastani wa ligi ya wakati ule. Hakuwa mbadhirifu kama alivyodhaniwa, wala hakuwa na shabaha ya kupigiwa mfano. Alikuwa mtu wa wastani aliyebeba mzigo mkubwa mno wa mashambulizi.

Hapa inafaa kutenganisha watu wawili wanaochanganywa. Wapo wanaokosa kwa sababu wanatupa pasipo sababu, mwenzao akiwa wazi chini ya kikapu. Wapo pia wanaokosa kwa sababu timu huwakabidhi mpira sekunde 24 zinazoruhusiwa kwa kila shambulizi zinapokaribia kuisha na hakuna mwingine awezaye kupata nafasi. Hasara ya wa kwanza hurekebishwa kwa nidhamu. Wa pili anaikinga timu na hasara kubwa zaidi, yaani kuupoteza mpira bila kutupa kabisa.

Hesabu ya nafasi

Dean Oliver, katika kitabu chake *Basketball on Paper* cha mwaka 2004, aliugawa ushindi katika mambo manne: utupaji, kutopoteza mpira, ribaundi (kuudaka mpira uliokosa kuingia), na mitupo huru. Aliupa utupaji uzito mkubwa kuliko yote, kama asilimia 40. Anayedai kwamba utupaji hauna maana anapingana na hesabu. Hata hivyo asilimia 60 inabaki, na humo ndimo timu isiyo na watupaji inapoweza kuishi.

Tuchukue mfano mwepesi wa mechi ya dakika 40, tukiacha mitupo ya pointi tatu na mitupo huru. Timu moja inaingiza asilimia 50 ya mitupo yake na inatupa mara 48. Inapata vikapu 24. Nyingine inaingiza asilimia 40 tu, lakini inatupa mara 60. Nayo inapata vikapu 24. Tofauti ya asilimia 10, ambayo kwa macho ni kubwa, imefutwa na majaribio 12. Majaribio hayo yanaweza kutoka kwenye ribaundi saba za mashambulizi na mipira mitano aliyonyang'anywa mpinzani. Yanahitaji miguu, macho na utii kwa mpango wa timu kuliko yanavyohitaji mkono laini.

Kuna jambo la pili ambalo mara nyingi husahaulika. Kadiri watupaji wanavyokuwa dhaifu, ndivyo mipira inayogonga chuma inavyoongezeka, na kila mpira unaogonga chuma ni ribaundi inayogombewa. Kwenye ligi ya watupaji mahiri ribaundi ni chache. Kwenye mashindano ya vijana, ambako timu zote mbili zinakosa sana, anayetawala ribaundi anatawala mchezo. Ina maana kwamba nafasi ya timu isiyo na watupaji ni kubwa zaidi ngazi za chini kuliko ngazi za juu.

Mikono ya Kongo

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966 na kufariki tarehe 30 Septemba 2024. Alizuia mitupo 3,289 katika NBA, akiwa wa pili katika historia nyuma ya Hakeem Olajuwon, na alichaguliwa mlinzi bora wa ligi mara nne. Mwaka 1994 timu yake ya Denver, iliyoingia mtoano ikiwa ya nane kanda ya Magharibi kwa ushindi 42, ilikutana na Seattle iliyokuwa na ushindi 63. Seattle ikaongoza mechi mbili kwa bila. Denver ikashinda tatu zilizofuata, ya mwisho kwa 98-94 katika muda wa nyongeza, na kuwa timu ya kwanza ya nafasi ya nane kuiondoa ya kwanza. Katika mechi hizo tano Mutombo alizuia mitupo 31. Deni lilikuwa limelipwa kwa njia ya pili: Denver ilimfanya mpinzani naye akose.

Miaka saba baadaye, Februari 2001, Philadelphia, timu ya Iverson, ilimchukua Mutombo kutoka Atlanta. Msimu ule Mutombo aliongoza ligi kwa ribaundi, wastani wa 13.5 kwa mechi. Mpango wa kocha Larry Brown ulieleweka: mmoja atupe, wengine walinde na wagombee kila mpira unaorudi. Katika mtoano Iverson aliingiza chini ya asilimia 40 ya mitupo yake, na bado Philadelphia ikaiondoa Indiana, kisha Toronto na Milwaukee kwa mechi saba kila moja, hadi fainali. Mechi ya kwanza huko Los Angeles iliisha 107-101 kwa faida ya Philadelphia. Iverson alipata pointi 48, akiingiza mitupo 18 kati ya 41.

Mei 2016 jukumu la kulinda na kugombea ribaundi lilikuwa la Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi. Wafungaji wakuu wa Toronto, DeMar DeRozan na Kyle Lowry, kila mmoja aliingiza chini ya asilimia 40 katika mtoano ule. Jonas Valančiūnas alipoumia kifundo cha mguu, Biyombo alichukua nafasi yake chini ya kikapu. Katika mechi ya tatu ya fainali ya kanda ya Mashariki alikusanya ribaundi 26, na Toronto ikaishinda Cleveland 99-84. Cleveland ilikuwa haijapoteza hata mechi moja ya mtoano mwaka ule.

Mpaka wa deni

Ushahidi huu una upande wake wa pili, na uaminifu unatutaka tuuseme. Denver iliondolewa na Utah katika raundi iliyofuata kwa mechi saba. Philadelphia ilipoteza mechi nne mfululizo baada ya ushindi wake wa kwanza, kwa sababu Shaquille O'Neal wa Los Angeles Lakers alipata wastani wa pointi 33 mbele ya Mutombo huyohuyo. Toronto iliishia mechi ya sita dhidi ya Cleveland. Timu zote tatu zilifika mbali kuliko ilivyotarajiwa, na zote tatu zilikwama zilipokutana na mpinzani ambaye shabaha yake haikushushika.

Mfano uliovuka mpaka ni Detroit ya 2004, tena chini ya Larry Brown. Chauncey Billups aliingiza asilimia 39.4 ya mitupo yake msimu ule. Ben Wallace hakufikisha nusu ya mitupo huru. Lakini Detroit iliruhusu wastani wa pointi 84.3 tu kwa mechi. Katika fainali iliifunga Lakers ya O'Neal na Kobe Bryant mechi nne kwa moja, mojawapo kwa 88-68. Tofauti yake na Philadelphia ni kwamba ulinzi wake haukumtegemea mtu mmoja chini ya kikapu. Ben na Rasheed Wallace, Tayshaun Prince, Richard Hamilton na Billups mwenyewe walilinda kwa pamoja, na mashambulizi yakagawanywa miongoni mwao. Tena Billups aliingiza mitupo huru karibu asilimia 88, hivyo asilimia yake ya kawaida haikusema yote.

Msomaji anaweza kupinga kwamba huo ni mchezo wa zamani. Pingamizi hili lina nguvu. Siku hizi timu zinatupa pointi tatu kwa wingi, na anayeingiza asilimia 35 ya mitupo hiyo hupata pointi 1.05 kwa jaribio, wakati mwenye asilimia 40 ya pointi mbili hupata 0.80. Deni limekuwa kubwa zaidi. Isitoshe, asiyejua kutupa huigharimu timu hata pale asipotupa: mlinzi wake humwacha, akaenda kuziba njia ya wenzake kuelekea kikapuni. Timu inaweza kumbeba mchezaji mmoja wa namna hiyo, pengine wawili. Ikiwa na watano, hata ribaundi haziwezi kuiokoa mbele ya mpinzani aliyekamilika.

Somo kwa Pangi

Kwa mwalimu wa Pangi, matokeo ya hoja hii ni mpangilio wa kazi. Kwanza, afundishe ulinzi na kugombea ribaundi, kwa kuwa havihitaji sakafu ya mbao, na kwa ngazi yake ndivyo vinavyoamua mechi. Pili, azuie upotevu wa mpira, maana timu yenye shabaha ndogo haina nafasi za kutupa bure. Tatu, amteue anayeruhusiwa kutupa muda unapokwisha, na wengine wote watupe tu wakiwa karibu au wazi. Nne, awafundishe vijana kushambulia kikapu ili wachezewe faulo, kisha wazoee mitupo huru. Huo ndio mtupo pekee usio na mlinzi, na unaweza kufanyiwa mazoezi kila siku kwa kikapu kimoja.

Mpangilio huu usigeuzwe kuwa hukumu ya kudumu. Kwa muda mrefu dunia imemtazama kijana mrefu wa Kongo kama mzuiaji na mkusanyaji wa ribaundi tu. Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, alishinda ubingwa wa WNBA na Los Angeles mwaka 2001 na 2002 akiwa mfungaji wa pembeni. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alikuwa bingwa wa NBA na Golden State mwaka 2022 akiwa mchezaji wa pembeni. Mkono wa kutupa si tunu ya taifa fulani. Ni zao la vifaa na muda.

Kwa hiyo timu isiyo na watupaji mahiri inaweza kushinda mechi, kushinda mashindano ya wilaya na hata kuwatoa walioitwa bora, mradi kila mchezaji ajue anachopaswa kulipia. Wanaosimamia michezo Kindu na Pangi wasiridhike na hapo. Vikapu imara na mipira ya kutosha shuleni vitagharimu fedha, na ni matumizi ya haki, kwani vijana waliokwisha kujifunza kulinda na kugombea kila mpira wanastahili nafasi ya kujifunza kutupa pia.