Kabaila Aliyeachwa na Watu Wake: Mali, Aibu na Kicheko katika Filamu ya Züğürt Ağa

Züğürt Ağa ni filamu ya Kituruki ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nesli Çölgeçen kwa mswada wa Yavuz Turgul, ikiwa na Şener Şen kama mwigizaji mkuu. Inasimulia habari za kabaila wa kijiji cha Haraptar, kusini-mashariki mwa Uturuki, anayepoteza mavuno, kisha wakulima, kisha kijiji chenyewe, akaishia kuchuuza mitaani Istanbul. Jina la filamu linabeba mgongano wake wote. Züğürt ni mtu aliyefilisika, asiye na senti. Ağa ni mwenye ardhi na mwenye watu. Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja humletea msikilizaji wa Kiswahili picha ya mwinyi fukara. Hata jina la kijiji ni ishara, kwa kuwa sikioni linaanza na neno harap, yaani kilichobomoka, lenye asili moja ya Kiarabu na kitenzi cha Kiswahili kuharibu.

Filamu za Kituruki zilikuwa zimemwangusha kabaila mara nyingi kabla ya hapo, kwa risasi, kwa uasi au kwa mkono wa sheria. Hii inamwangusha kwa njia nyingine: wakulima wake wanaondoka. Hoja ya makala haya ni kwamba kicheko cha Züğürt Ağa kinatokana na ugunduzi mmoja wa kijamii, kwamba ukwasi wa ağa haukuwa udongo bali uhusiano. Watu walipoondoka, kilichobaki mikononi mwake kilikuwa bidhaa ya kuuzwa, na tabia zilizokuwa fahari kijijini ziligeuka hasara mjini.

Ağa na mamlaka yake

Katika Dola ya Uthmaniya, ağa kilikuwa cheo; mkuu wa kikosi cha Janisari, kwa mfano, aliitwa hivyo. Vijijini neno hilo lilishuka likawa jina la mwenye ardhi anayetegemewa na kuogopwa. Jamhuri ya Uturuki iliyoanzishwa mwaka 1923 ilijaribu kulifuta. Sheria ya Novemba 1934 iliondoa vyeo na lakabu za kale, ağa ikiwemo pamoja na bey, efendi na paşa. Neno likatoka kwenye nyaraka za serikali, lakini shambani likabaki palepale.

Jaribio la pili liligusa ardhi yenyewe. Mwaka 1945 Bunge lilipitisha sheria ya kuwapa wakulima ardhi, na ndani ya chama tawala wapinzani wake walikuwamo wamiliki wakubwa wa mashamba, mmoja wao Adnan Menderes kutoka Aydın. Mwaka uliofuata Menderes na wenzake walianzisha Chama cha Demokrasia, na mwaka 1950 kikashinda uchaguzi. Ardhi iliyogawiwa baadaye ilikuwa kwa sehemu kubwa ya serikali. Mashamba makubwa ya watu binafsi hayakuguswa sana. Mfumo wa vyama vingi hata ulimpa ağa kazi mpya, kwa sababu mtu anayeweza kuahidi kura za kijiji kizima ni mtu wa kutembelewa na kubembelezwa na wanasiasa.

Nguvu hiyo ilisimama juu ya makubaliano yasiyoandikwa. Mkulima asiye na shamba alilima kwa nusu, na kwa Kituruki huitwa yarıcı, neno linalotokana na yarı, yaani nusu. Ağa alitoa ardhi, mara nyingi na mbegu, akachukua sehemu yake ya mavuno. Zaidi ya hayo alikopesha, alisuluhisha ugomvi, na alisimama kati ya mwanakijiji na askari, karani au daktari. Ulikuwa unyonyaji uliovaa joho la ulezi, na pande zote mbili zililifahamu joho hilo vizuri.

Kilichoanza kulichana joho hilo ni mashine na barabara. Mwaka 1948 Uturuki ilikuwa na matrekta yasiyofika 2,000. Katikati ya miaka ya 1950, kwa msaada wa Marekani chini ya Mpango wa Marshall, yalizidi 40,000. Trekta moja lilifanya kazi ya familia kadhaa, na familia hizo zikafuata barabara kwenda mijini. Pembezoni mwa Istanbul na Ankara ikaota mitaa ya gecekondu, nyumba ambazo jina lake linamaanisha zilizosimamishwa usiku mmoja. Mkoa wa Istanbul, wenye watu wapatao milioni 1.2 mwaka 1950, ulikuwa na karibu milioni 5.8 katika sensa ya 1985. Sensa hiyohiyo ilionesha kwa mara ya kwanza kuwa zaidi ya nusu ya wananchi wa Uturuki, takriban asilimia 53, waliishi mijini. Miaka mitano kabla walikuwa kama asilimia 44. Filamu ya kabaila anayebaki bila wakulima ilitoka mwaka uleule nchi ilipovuka mstari huo.

Kutoka Maho Ağa hadi ağa wa Haraptar

Sinema ya Kituruki ya Yeşilçam, iliyopewa jina la mtaa wa kampuni za filamu katika eneo la Beyoğlu jijini Istanbul, ilimfahamu ağa kama adui. Riwaya ilikuwa imetangulia: katika İnce Memed ya Yaşar Kemal, iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1955, Abdi Ağa ni mdhalimu anayemfanya kijana wa kijiji aingie msituni. Filamu zilimchukua mtu huyo na masharubu yake, zikamweka juu ya farasi, zikampa watumishi wenye bunduki.

Kwenye vichekesho, kilele cha aina hiyo ni Kibar Feyzo ya Atıf Yılmaz, ya mwaka 1978. Humo Kemal Sunal ni mkulima maskini anayehangaika kupata mahari, na Maho Ağa anayemkandamiza anaigizwa na Şener Şen. Feyzo anakwenda mjini, anarudi na mawazo ya haki na umoja wa wafanyakazi, na mwisho anamuua kabaila. Ni kicheko cha miaka ya 1970, miaka ya migomo na maandamano, ambapo mtazamaji alitarajia historia ipige hatua kwa kishindo.

Kati ya Kibar Feyzo na Züğürt Ağa kuna mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 12 Septemba 1980. Vyama vya siasa na baadhi ya vyama vya wafanyakazi vilifungwa, na siasa za uchumi huria zilizotangazwa Januari mwaka huohuo zikaendelezwa na Turgut Özal, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1983. Lugha ya haki ilinyamazishwa. Lugha ya fedha ikapaa. Vichekesho vilibadilika pamoja na nyakati. Katika Namuslu ya Ertem Eğilmez, ya mwaka 1984, mtunza fedha mwaminifu anaporwa, jamii inaamini kwamba ameiba yeye, na kwa ajili hiyo inaanza kumheshimu. Şener Şen ndiye aliyeigiza nafasi hiyo pia. Mwaka mmoja baadaye alirudi kuwa ağa, lakini sasa mtazamaji hakuombwa amchukie.

Uamuzi wa kumpa mwigizaji yuleyule nafasi hiyo una maana. Kila anayemkumbuka Maho Ağa analiona umbo lake nyuma ya ağa wa Haraptar: mabega yaleyale, masharubu yaleyale, namna ileile ya kutarajia kutiiwa. Tofauti ni kwamba amri zake zinazidi kukosa wa kuzitekeleza. Kichekesho kinajengwa juu ya kumbukumbu ya mtazamaji mwenyewe.

Ngano inayoibwa, kijiji kinachohama

Sehemu ya kwanza ya filamu inapita kijijini. Ukame umekausha mashamba, mvua inaombwa na haiji, na ngano iliyopo ni ya ağa. Wanakijiji wanamwibia, na kati yao anajitokeza Kekeç Salman, mwenye kigugumizi, aliyeigizwa na Erdal Özyağcılar. Kisha wanahama kwenda Istanbul.

Mpangilio huu una mantiki ya kiuchumi iliyopimwa vizuri. Katika mfumo wa kulima kwa nusu, wizi wa ngano ni silaha ya kale ya mnyonge: mkulima anajirudishia kwa siri sehemu anayohisi ameporwa hadharani. Ağa wa kawaida huuvumilia kidogo na kuuadhibu kidogo, kwa sababu mwizi wa leo ndiye mvunaji wa mwaka kesho. Lakini wizi wa Haraptar hauna mwaka kesho. Ni nauli. Mtu anayeondoka kabisa hana sababu ya kuogopa adhabu wala ya kutunza uso, na hapo uhusiano mzima unakatika bila hata ngumi moja kurushwa.

Baada ya hapo ağa ana ardhi kubwa kuliko wakati wowote kwa maana ya hesabu, maana hakuna wa kugawana naye, lakini ardhi hiyo haimpi chochote. Waswahili husema mtu ni watu; Haraptar ni msemo huo uliotazamwa kutoka upande wa pili. Ağa anakiuza kijiji na kuwafuata wakulima wake mjini. Safari hiyo inapindua mpangilio wa kale: zamani wanakijiji walitembea nyuma ya ağa, sasa yeye ndiye anayetembea nyuma yao, tena akiwa amechelewa.

Duka, nyanya na sauti iliyoshuka

Istanbul, fedha za kijiji zinageuzwa duka. Duka halidumu. Msingi wa kuanguka kwake ni kwamba mwenye duka amelelewa katika uchumi ambamo kuhesabu ni kazi ya msimamizi, na kutoa bila kuhesabu ndiyo alama ya ukubwa. Kijijini, ukarimu wa ağa ulikuwa mtaji: aliyekula kwake leo angemlimia kesho na kumpa utii keshokutwa. Mjini aliyekula leo anashukuru na kwenda zake. Tendo ni lilelile, lakini mzunguko uliokuwa ukilirudisha kwa mtoaji umekatika.

Wanakijiji wa zamani, kinyume chake, wanaizoea Istanbul haraka, na si kwa bahati. Mtu aliyeishi kwa ujanja mdogomdogo chini ya kivuli cha mkubwa amekwisha fanya mazoezi ya kuishi katika soko lisilo na huruma. Salman na wenzake wanabeba mjini ujuzi ambao bwana wao hakuwahi kuuhitaji. Filamu haiwasifu kwa hilo wala haiwalaumu sana. Inaonesha tu kwamba ufukara nao ni chuo, na kwamba ağa alikuwa hajasoma humo.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la nyanya. Ağa amefikia kuchuuza mitaani, na mchuuzi asiyepaza sauti hauzi. Lakini sauti hiyo haitoki. Anaitaja bidhaa yake kwa kunong'ona, akitazama huku na huku kama mtu anayefanya jambo la aibu. Hapa uigizaji wa Şener Şen unabeba hoja nzima ya mswada. Mtu huyu maisha yake yote amepaza sauti kuamrisha. Kinachomshinda ni kuipaza kuomba. Mamlaka na uchuuzi vinatumia koo lilelile, na umbali kati ya vitu hivyo viwili ndio kipimo cha anguko lake. Mtazamaji anacheka, na katikati ya kicheko anagundua kwamba anaitazama fedheha.

Mwishoni ağa anageukia çiğ köfte, chakula kinachohusishwa sana na mji wa Urfa, kusini-mashariki: nyama mbichi iliyopondwa, ikakandwa kwa muda mrefu na ngano iliyochemshwa na kuvunjwavunjwa, pamoja na pilipili na viungo. Kwa desturi hukandwa na wanaume kwenye mikusanyiko, na mkono mzuri wa kuikanda ni sifa ya mwenyeji. Chaguo hilo la mswada ni la busara. Kitu pekee ambacho ağa ameweza kukitoa Haraptar bila kuibiwa ni ujuzi ulio mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza mikono hiyo inamlisha. Lakini ujuzi huo ulikuwa wa ukarimu, na sasa una bei. Anapona kama mtu kwa kuuza alama ya mwisho ya uağa wake.

Mipaka ya huruma

Huruma ya filamu kwa ağa ina gharama zake. Kwanza, filamu inamchagua ağa aliyeshindwa, ilhali wengi hawakushindwa. Baadhi ya familia za wamiliki wakubwa wa kusini-mashariki zilipata viti bungeni, zikanunua mashine, na zikanufaika na kilimo cha pamba pale maji ya mradi mkubwa wa umwagiliaji wa eneo hilo yalipofika. Ujenzi wa Bwawa la Atatürk kwenye mto Frati ulikuwa umeanza mwaka 1983, miaka miwili kabla ya filamu. Ağa wa Haraptar ni kweli kama mfano wa tabia, lakini si takwimu ya tabaka lake.

Pili, kuna ukimya kuhusu lugha. Kusini-mashariki ni eneo la Wakurdi wengi, pamoja na Waarabu, na wahusika wa filamu wanazungumza Kituruki chenye lafudhi ya mashariki. Sheria ya 1983, iliyodumu hadi 1991, ilipiga marufuku Kikurdi katika machapisho na matangazo, kwa hiyo lafudhi ndiyo iliyokuwa njia ya kusema jambo lisiloruhusiwa kutajwa. Matokeo yake, uhamaji ambao kwa wengi ulikuwa pia wa kutoka lugha moja kwenda nyingine unaonekana kama uhamaji wa kutoka shamba kwenda mji tu.

Tatu, kumpenda ağa aliyeanguka ni rahisi kuliko kukumbuka alivyosimama. Filamu inamfanya kuwa mwema na mzito wa kuelewa, na ukatili wa mfumo unabaki pembeni. Hata hivyo mswada unajikinga kwa sehemu: haumrudishii kijiji chake, na haumpi nafasi ya kudai kwamba zamani mambo yalikuwa ya haki. Turgul aliendelea kumchunguza mtu aliyepitwa na wakati katika Muhsin Bey, mwaka 1987, safari hii akiongoza mwenyewe, ambapo wakala wa muziki wa kizamani anaigizwa tena na Şener Şen. Hapo mhusika anapoteza ladha na maadili ya kazi yake. Ağa wa Haraptar alipoteza zaidi, kwa kuwa alichokiita mali yake kilikuwa watu, na watu walikuwa na miguu.