Fani na Ukimya katika Kumbukumbu ya Tsitsernakaberd

Uhakiki wa sanaa za ukumbusho aghalabu huanza kwa kuuliza sanamu inamwonyesha nani. Swali hilo halipati jibu katika kilima cha Tsitsernakaberd, mjini Yerevan, ambako Waarmenia huwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari yaliyoanza mwaka 1915. Hapana shujaa aliyechongwa pale, wala mama anayelia. Makala haya yanadai kwamba kutokuwepo kwa umbo la binadamu si upungufu wa fani, bali ndiko kunakobeba maudhui.

Tarehe 24 Aprili 1915, watawala wa Dola ya Uthmaniya walianza kuwakamata mamia ya viongozi na wasomi wa Kiarmenia mjini Istanbul. Washairi Daniel Varuzhan na Siamanto walikuwa miongoni mwao, na wote wawili waliuawa mwaka huo. Komitas, mtunzi wa muziki na mkusanyaji wa nyimbo za wanavijiji, alirudi hai, lakini akili yake ilivurugika. Alifariki Paris mwaka 1935. Umma wa kawaida nao ulifukuzwa makwao kuelekea jangwa la Syria, na wengi mno waliangamia.

Katika Armenia ya Kisovieti msiba huo ulitajwa kwa tahadhari, kwani dola ilizishuku hisia za kitaifa. Yakov Zarobyan, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti nchini humo, aliunga mkono ujenzi wa kumbukumbu. Tarehe 24 Aprili 1965, waandamanaji walifurika katika barabara za Yerevan. Kazi ya wasanifu majengo Arthur Tarkhanyan na Sashur Kalashyan ilikamilika mwaka 1967. Zarobyan alikuwa amekwisha kuondolewa madarakani mwaka 1966.

Kazi yenyewe ina mnara wa mita 44, uliopasuliwa kwa urefu wake. Kando yake, mabamba 12 ya mawe yameuinamia moto usiozimwa. Wengi huyafasiri kuwa ni mikoa iliyopotea. Mtazamaji mwingine aweza kuona waombolezaji walioinamisha vichwa. Fumbo hili linazihimili fasiri zote mbili. Ukuta wa mita 100 nao umebeba majina, si ya watu bali ya mahali walikouawa. Hii ni mantiki ya tanzia: marehemu asiye na kaburi huitwa kwa jina la kwao.

Yaweza kudaiwa kwamba fumbo liliifaa dola, kwa kuwa jiwe lisilomshtaki mtu halimuudhi mtu. Hoja hii ina uzito, ila inamsahau mtazamaji. Kila tarehe 24 Aprili umati huteremka hadi penye moto na kuweka maua, mpaka yakawa ukuta wa pili. Umbo la binadamu lililokosekana katika jiwe hutimizwa na waombolezaji wenyewe. Dola ya Kisovieti ilivunjika mwaka 1991. Ada hiyo ingali hai.

Hata hivyo, fumbo lina mipaka yake. Serikali ya Uturuki hukataa kuyaita matukio hayo mauaji ya kimbari, na ukanushaji haujibiwi kwa taswira pekee. Ndiyo maana kufunguliwa kwa jumba la makumbusho kilimani hapo, mwaka 1995, kunastahili kusomwa kama sehemu ya matini hiyohiyo: hati na picha zinautolea ushahidi msiba ambao jiwe linauomboleza.