Siku za juma katika sarufi ya Kiingereza

Majina ya siku katika Kiingereza, kuanzia Sunday hadi Saturday, ni nomino za pekee. Huanza kwa herufi kubwa popote yalipo, hata katikati ya sentensi, tofauti na Kifaransa na Kihispania. Kihusishi chake ni “on”: “on Monday”. Sehemu ya siku ikiongezwa, “in” ya “in the morning” huipisha “on”, yaani “on Monday morning”. Jina likitanguliwa na “last”, “next”, “this” au “every”, kihusishi huondoka. “On last Friday” ni kosa la kawaida sana kwa wanafunzi. Wingi, “on Mondays”, huonyesha mazoea, yaani kila Jumatatu. Wamarekani, hasa magazetini, mara nyingi huiacha “on” na kuandika “he died Monday”.

Utata mkubwa uko kwenye “next Friday”. Ikisemwa Jumatano, wengine huelewa Ijumaa ya keshokutwa, wengine ile ya juma linalofuata, na wazawa wa lugha wenyewe hawakubaliani. Katika barua ya miadi, afadhali kuandika tarehe kamili.