Barazani Nyamirambo: Saa za Mapumziko na Safari ya Kiswahili Mjini Kigali

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yatufunza kwamba kazi humfanya mgeni kuwa mwenyeji. Hata hivyo, mtu aweza kufanya kazi mjini miaka kumi, akaijua njia ya ofisini na njia ya kurudia nyumbani, na bado akawa mgeni. Kinachomtoa katika ugeni ni zile saa ambazo hapana anayemlipa: jioni ya mpira, kikombe cha chai, mchezo wa bao na soga za barazani. Katika makala haya twapenda kuitazama historia ya mji wa Kigali kwa jicho hilo. Maana twaona kuwa humo, kuliko darasani, ndimo Kiswahili kilimojipatia makao nchini Rwanda.

Kigali si mji wa kale. Ulianzishwa mwaka wa 1907 juu ya kilima cha Nyarugenge na Richard Kandt, tabibu wa Kijerumani aliyekuwa mwakilishi wa kwanza wa serikali ya kwao katika Rwanda. Nchi hiyo ilihesabiwa wakati huo kuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo shughuli nyingi za utawala wake ziliendeshwa kwa Kiswahili. Basi pamoja na bendera waliingia askari, makarani, wapagazi na wachuuzi kutoka pwani, Tabora, Ujiji na Manyema. Wengi wao walikuwa vijana, wameacha wazazi na ndugu mbali, wakautafuta ujamaa mpya miongoni mwa wenzao. Mwaka wa 1913 msikiti wa Al-Fat'h ulijengwa Nyamirambo, nao ukawa wa kwanza nchini. Penye msikiti pana baraza, na penye baraza pana mazungumzo. Mnyamwezi, Mmanyema na Mnyarwanda aliyesilimu walikaa pamoja, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa moja tu.

Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka wa 1916, hali ilibadilika. Watu hao, ambao sasa wote waliitwa Waswahili pasipo kuulizwa asili yao, walitengewa mtaa wao. Mtaa huo wa Biryogo, chini ya Nyarugenge, ulijulikana kwa jina la Camp Swahili. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na watoto wa Kiislamu wengi walibaki nje ya milango yake. Hata neno lenyewe liliharibiwa: katika Kinyarwanda kumwita mtu umuswahili kulikuja kumaanisha kwamba ni mjanja, mwongo, mtu asiyeaminika. Hapa ndipo penye fumbo linalotuhusu sisi walimu. Lugha iliyonyimwa heshima, ambayo wasemaji wake walitengwa, iliwezaje kudumu, na hata kuenea nje ya mtaa wake?

Jibu moja tunalipata katika Kinyarwanda chenyewe. Tukisikiliza mazungumzo ya kila siku ya Wanyarwanda tutakutana na icyayi, isukari, igitabo, iduka na umupira. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuyatambua maneno hayo. Tuyatazame kwa makini: matatu kati yake, yaani chai, sukari na mpira, ni ya mapumziko. Anayetengwa mchana hukutana na anayemtenga jioni, dukani, mkahawani na kiwanjani, na hapo lugha huvuka mpaka bila hati ya kusafiria.

Mfano wa pili ni bao. Wanyarwanda wana mchezo wao wa asili uitwao igisoro, ambao haukuletwa na mgeni yeyote. Ubao wake una mashimo 32 katika safu nne, na kete zake ni 64. Hesabu hiyo ndiyo ya bao letu la Kiswahili pia. Sheria za michezo hii miwili hazilingani kila jambo, lakini mchezaji wa Unguja akikaa mbele ya ubao wa Kigali hatajiona yu katika nchi ya ajabu. Ataanza kwa kutazama, kisha atauliza, kisha ataonyeshwa, na kabla ya kucheza vizuri atakuwa amekwisha kupata rafiki.

Rwanda ilipojitawala tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilifanywa makao makuu ya taifa, ingawa ilikuwa bado mji mdogo wa watu maelfu machache tu. Vijana waliosoma wakaanza kumiminika kutoka mikoani: makarani wa wizara, wauguzi, walimu, madereva. Hao nao walikuwa wageni, na walihitaji mahali pa kwenda baada ya kazi. Klabu ya Kiyovu Sports iliundwa mwaka wa 1964. Rayon Sports, iliyozaliwa Nyanza mwaka wa 1968, ilipata mashabiki wengi mno Kigali, hasa Nyamirambo. Mwaka wa 1998 Rayon ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, shindano ambalo huwakutanisha watu wa nchi ambazo Kiswahili ndicho lugha ya kubishania mpira. Redio nayo ilitia mkono: Radio Rwanda ilikuwa na matangazo ya Kiswahili, na kuanzia mwaka wa 1965 hadi 2015 kilima cha Kinyinya kilikuwa na mitambo ya Deutsche Welle ya kupeleka matangazo barani Afrika.

Haifai, hata hivyo, kuusifu urafiki wa mjini kupita kiasi. Mwaka wa 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliuawa na wale waliokuwa wakinywa nao na kucheza nao. Baraza peke yake haikumwokoa mtu. Ushahidi uliokusanywa baadaye waeleza pia kwamba miongoni mwa Waislamu wa Rwanda, wakiwamo wa mitaa hiyo iliyodharauliwa, walikuwapo waliowaficha jirani zao na kukataa kuwatoa. Twayataja haya kwa unyenyekevu. Kukaa pamoja ni mwanzo tu. Kinachobaki hutegemea moyo wa mtu siku ya msiba.

Baada ya Julai 1994 mji ulipokea wageni wa namna nyingine: wana wa wakimbizi waliozaliwa au kukulia Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi na Kongo. Wengi wao walirudi na Kiswahili vinywani mwao. Mwaka wa 2007 Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na soko la pamoja lililoanza mwaka wa 2010 likawafungulia mlango wafanyakazi wa nchi jirani. Kwa hiyo mhasibu kijana kutoka Mwanza au mwalimu kutoka Kisumu aingiapo Kigali leo, anakuta mji wenye watu zaidi ya 1,700,000 kwa hesabu ya mwaka wa 2022, na njia nyingi za kupata wenzake. Jumamosi ya mwisho ya mwezi kuna umuganda, kazi ya pamoja ya asubuhi, ambapo methali yetu ya jembe hutimizwa barabara. Kuna siku ambazo barabara kadhaa hufungiwa magari ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli, desturi iliyoanza mwaka wa 2016. Kuna uwanja wa Nyamirambo, ambao tangu mwaka wa 2023 una jina la Pelé. Na kule Biryogo, mtaa ule ule uliokuwa wa kutengwa, njia ilifungwa kwa magari mwaka wa 2021, ikapakwa rangi na kuwekwa meza. Watu wa kila kabila na taifa huenda huko kunywa chai.

Mwaka wa 2017 Kiswahili kilifanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Twaipokea heshima hiyo kwa furaha, lakini yatupasa kuwa macho. Kwa miaka mia moja lugha hii iliishi Kigali bila cheti, kwa sababu watu waliihitaji ili wapate marafiki. Ikiwa sasa itafundishwa kwa ajili ya mtihani tu, mwanafunzi ataiacha mlangoni siku ya kumaliza shule, na heshima tuliyopewa itabaki katika karatasi za sheria. Basi walimu wenzetu, sarufi na tuifundishe ipasavyo. Kisha tuwape wanafunzi wetu ubao wa bao, tuwaache wabishane habari za mpira, tuwatume mkahawani wakaagize chai wenyewe. Baraza la Nyamirambo lilikuwa shule kabla yetu, nalo halikumfukuza mwanafunzi hata mmoja.